Bega la Mbuzi Limeniaibisha Ukweni

Mimi ni daktari wa mifupa, na leo nimeshindwa na mbuzi aliyechomwa.

Tulikuwa Kiambere, kwa kina Wanja, kwenye ngurario yetu, harusi ya kimila. Desturi ni kwamba bwana harusi akate bega la mbuzi mbele ya wakwe, kisu kipite kwenye kiungo bila kugusa mfupa.

Mimi huyo, natabasamia kamera. Si hii ndiyo kazi yangu?

Ko! Kisu kikagonga mfupa.

Nikageuza nyama. Ko!

Jasho likanitoka. Kwa mazoea nikanyoosha mkono nyuma, nikingoja nesi anipe msumeno. Nyuma yangu alikuwa pasta. (Wenye video, futeni, tafadhali.)

Mjomba wake Wanja akauliza kwa upole, "Daktari, kwani huyu mbuzi hakupigwa eksirei?"

Wanja mwenyewe alicheka hadi akakaa chini.

Lakini aliyenimaliza ni shangazi yake, aliyekuja akichechemea na fimbo. Jumatatu nilikuwa nimpasue goti.

Akainuka.

"Asante sana, daktari. Goti limepona."

Akaenda zake mbio mbio, fimbo akaiacha.

Sasa niambieni, hiyo nihesabu nimemtibu?