Mpishi wa Vijidudu

Mwanamke mwenye kinyaa kuliko wote hospitalini ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia vijidudu. Kila mtu alimwita Mpishi, na hakuna aliyelikumbuka jina lililoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Jiko lake lilikuwa chumba cha nyuma cha maabara: mizani, sufuria mbili, jungu la mvuke lenye mfuniko wa kufungwa kwa skurubu, na rafu za visahani vya plastiki vyenye upana wa kiganja. Alichemsha supu ya nyama, akaitia unga wa agari, ule unaotokana na mwani na kuganda kama jeli, akaimimina kwenye visahani ikapoa. Juu ya jeli hiyo wenzake walipaka usaha wa wagonjwa. Kilichoota hapo ndicho kilichokuwa kikimla mgonjwa.

"Napika miaka ishirini na mbili," alikuwa akisema, "na wageni wangu hawajawahi kusema ahsante."

Alifungua mlango wa choo kwa kiwiko. Hakumpa mtu mkono mpaka auone umetoka majini. Mwenzake akipiga chafya chumba cha kwanza, yeye alikunja uso chumba cha tatu. Wenzake walimtania kwamba siku akifa atawakagua kucha wanaomwosha. Lakini kinyaa hicho kilimfanya awe hodari, kwa maana pua yake ilijua mambo. Kulikuwa na kijidudu kilichonuka kama nguo zilizoanikwa kivulini, na kingine kama panya aliyefia darini. Kibaya kuliko vyote kilikuwa kile cha kijani, kilichonuka utamu, kama tunda lililoiva likapitiliza. Uvundo unaokuonya una heshima yake. Huu wa kukukaribisha ulimtapisha.

Na alijivunia mapishi yake. Wiki ya kwanza kazini alimimina agari kama kitabu kinavyosema, nyembamba. Siku hiyo joto lilikuwa kali, visahani vikatoka jasho, jeli ikateleza na kupasuka. Mkuu wa maabara akamgombeza mbele ya watu kana kwamba amemwaga maziwa ya mtoto. Kwao Mpishi alilelewa akiambiwa kwamba uji mwepesi ni uchoyo. Basi kuanzia wiki ya pili akaongeza kijiko kimoja cha agari juu ya kipimo cha mizani, na akamimina kwa ukarimu. Visahani vyake vikawa imara, havitikisiki hata ukiviinamisha. Mkuu akamsifu, Mpishi akavimba kichwa, na mambo yakaendelea hivyo.

Kisa chenyewe kilianzia kwa wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa msusi mwenye saluni yenye vioo vitatu na midomo kumi. Aliweka pale lenzi za macho za rangi, za kijivu na za kijani, za kuwaazima wateja wenye sherehe. Jicho hili leo, jicho lile kesho. Mpishi alimwona kwa macho yake siku moja: Wifi alitoa lenzi kwenye jicho la mteja, akailamba mbele na nyuma, akaitia jichoni mwake mwenyewe ili ajitazame kiooni.

"Wifi, umeilamba," Mpishi alisema.

"Mate ni dawa. Mama zetu walitutemea tukapona."

"Mama zetu hawakuwa na saluni."

"Wewe kila kitu kwako ni choo. Kaa, nikusuke, hicho kichwa kimekuwa kama brashi ya chupa."

Mpishi hakukaa. Alitoka nje, akatema mate mara tatu, na toka siku hiyo hakunywa hata maji ya Wifi.

Basi Jumatatu moja Wifi aliletwa kliniki ya macho akiwa ameshikiliwa na mume wa Mpishi. Jicho la kulia lilikuwa limefura, kope zimegandamana, na usaha uliokauka shavuni ulikuwa na rangi ya majani mabichi. Mpishi alikuwa akipita na toroli ya visahani. Kabla hajatazama, alisikia ile harufu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akajisemea, na papo hapo akaona aibu, kwa sababu Wifi alikuwa akilia kwa jicho moja na kumtafuta kwa mkono.

Daktari wa macho, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, alikwangua kidonda na kuupaka uchafu kwenye kisahani cha Mpishi. Jumanne kisahani kizima kilikuwa kijani. Mkuu akakipaka kijidudu hicho kwenye visahani vipya na kuvipanga vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa ikifanya kazi, kijidudu hufa pembeni yake, na duara tupu hubaki kukizunguka kidonge. Pasipo duara, dawa hiyo ni maji.

Safari hii kidonge kimoja kilikuwa kigeni. Daktari alipewa dawa ya utafiti, chupa chache tu, na masharti yake yalisema apewe mgonjwa ambaye kijidudu chake kimeonyesha duara. Alimweleza Wifi kitandani, Mpishi amesimama mlangoni.

"Inaitwa peptidi. Ni kipande kifupi cha protini. Dawa hizi nyingine vijidudu vimeshajifunza kuzitapika. Hii inatoboa ngozi ya kijidudu, kinavuja kinakufa. Hata machozi yako yana za aina hiyo, ila hazitoshi. Hii imetengenezwa kiwandani kwa kuiga ile iliyomo kwenye ute wa ngozi ya chura."

Wifi aliketi. "Mtanitia chura jichoni?"

"Si chura. Mfano wake tu."

"Wifi yangu huyo hapo akimwona chura anahama mtaa," Wifi alisema, macho yote ameyafumba kwa maumivu, akielekeza kidole upande usiokuwa na mtu. "Nitieni. Nitieni hata mjusi, mradi nione."

Mpishi alijihisi mwili mzima unawasha. Ute wa chura! Alirudi jikoni akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Jumatano asubuhi, hakuna duara. Vidonge kumi na kimoja vilikaa juu ya ule ukijani kama wageni wasiotakiwa, na kile cha chura kilikuwa na kauzi kembamba ka duara kasikofika kipimo. Mkuu akaandika neno lile lile kwenye kila mstari: hakuna. Karatasi ikapelekwa. Jibu la Daktari lilirudi kwa simu, na Mpishi alilisikia lote: jicho litolewe kesho asubuhi, kabla uozo haujapita nyuma.

Alikwenda kukusanya uchafu wa jana auingize kwenye jungu la mvuke, vijidudu vife. Kwenye kabati la joto la kuoteshea vijidudu kulikuwa na mirija miwili ya supu isiyo na agari, ambamo Mkuu alikuwa amepandikiza kijidudu cha Wifi ili kukitunza. Mmoja ulikuwa umechafuka, utando wa kijani umeelea juu. Wa pili ulikuwa safi kama ulivyotoka jikoni kwake.

"Huu mbona umekataa kuota?" alimuuliza Mkuu.

"Huo nilimwagia masalio ya dawa ya chura. Haimwagwi kwenye sinki. Tupa tu, unaenda kwenye mvuke."

Mpishi aliushika mrija ule mbele ya dirisha. Mikono yake ilielewa kabla ya kichwa. Supu ile ile, kijidudu kile kile, dawa ile ile. Kilichokosekana kilikuwa agari. Alichukua kimoja kati ya visahani vyake imara akakigeuza ubavuni, akautazama unene wa jeli. Kitabu kilikuwa pale rafuni. Hakuhitaji kukifungua.

Hapa nisimpambe. Alisimama na mrija ule muda wa kutosha kuchemsha chai. Akinyamaza, Wifi atapoteza jicho ambalo kila mtu anajua amelitafuta mwenyewe kwa ulimi wake. Akisema, ataulizwa kijiko hicho kilianza lini. Aliwaza hivyo, akajisikia kama ameinusa sahani iliyosahaulika wiki mbili. Akaubeba mrija mpaka kliniki.

Daktari aliutazama, akakitazama kisahani, akatoa rula mfukoni. "Milimita saba. Inatakiwa nne. Agari unapima kiasi gani?"

"Kama kitabu kinavyosema." Akaitazama rula. "Na kijiko kimoja juu yake. Ili isiteleze."

"Dawa hii hunasa kwenye agari. Hata ikiwa nyembamba hunasa, sembuse hii. Ilipaswa kupimwa kwenye supu. Hilo ni kosa langu." Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Kisha kalamu ikasimama. "Lakini dawa za kawaida pia, jeli ikiwa nene, zinazama chini badala ya kusambaa. Duara linakuwa dogo. Tangu lini unapika hivi?"

"Tangu wiki ya pili."

"Ya mwezi huu?"

"Ya kuajiriwa."

Daktari akaagiza fomu za ukaguzi wa maabara. Kila wiki maabara ilipaswa kupima visahani kwa kijidudu cha mfano ambacho duara lake linajulikana, ili kuhakikisha chakula ni sahihi. Fomu zilikuwepo, zimejazwa, zimesainiwa na Mkuu, zote kwa mwandiko na wino mmoja. Hakuna kilichopimwa. Mtu mzima, ana tai shingoni, anasaini hewa wiki baada ya wiki. Ukiuliza kwa nini, atakwambia visahani vya Mpishi havijawahi kumwangusha.

Kipimo kikarudiwa kwenye supu, upasuaji ukaahirishwa, mchana ule ule ruhusa ya kutumia dawa pasipo duara ikaombwa, na jioni Wifi akatiwa tone la kwanza. Kila saa tone. Siku ya tatu usaha ulikoma. Siku ya sita Mpishi aliinama kitandani, na kwa mara ya kwanza pua yake haikusikia kitu ila sabuni. Jicho lilibaki na kovu jeupe pembeni, lakini lilihesabu vidole.

"Vitatu," Wifi alisema. "Na kucha moja imekatika. Wewe, mwenye usafi wako?"

Mpishi angefurahi, kama kisa kingeishia hapo.

Daktari aliagiza vijidudu vya wagonjwa wa macho vilivyohifadhiwa kwenye barafu kwa miaka mitano iliyopita vipandwe upya. Mpishi alipika kama kitabu kinavyosema, bila kijiko cha juu, milimita nne kwa rula. Asubuhi yake visahani viliwekwa mezani. Vingi vilikuwa vile vile, sugu kweli. Lakini saba vilikuwa na maduara mapana, mazuri, yanayozunguka dawa za kawaida, zile zinazokaa kwenye kila kabati la zahanati. Wagonjwa saba ambao karatasi zao zilisema hakuna. Saba waliotolewa jicho.

Mpishi alikimbilia sinki akatapika. Maisha yake yote alikuwa amewanyanyapaa watu kwa mate yao, vikombe vyao na kucha zao, na nyani haoni kundule.

"Wataambiwa," Daktari alisema. "Nitawaambia mimi. Ni kazi yangu."

"Huyu wa kwanza niachie," Mpishi alisema.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kliniki kila baada ya miezi mitatu kuoshwa jicho lake la bandia. Mpishi alimkuta ameketi kwenye benchi la chumba cha kuoshea, suruali imepigwa pasi, miguu pamoja. Jicho alikuwa amelitoa mwenyewe. Lilikuwa kwenye bakuli la chuma kando yake, likitazama dari. Tundu lilikuwa jekundu, lenye unyevu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Wewe ndiye wa kuosha leo?"

"Hapana. Mimi napika maabara." Akaketi. Akamweleza yote, polepole, bila kuruka: kijiko, unene, duara, miaka. Hakumtaja Mkuu.

"Nilimwambia daktari wa wakati ule kwamba bado naona mwanga," mwalimu alisema. "Akasema karatasi inasema hakuna dawa."

"Karatasi ilitoka kwenye chakula changu."

"Kwa hiyo dawa ilikuwepo."

"Ilikuwepo, mwalimu. Ya kawaida."

Mwalimu akamgeukia, akamtazama kwa jicho lililobaki. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha.

"Sasa umekuja nikufanyie nini, mama?"

Mpishi alifungua kinywa, na ndipo alipoiona haja yake waziwazi. Alikuwa amekuja kusamehewa. Alikuwa amemletea mzee mwenye tundu usoni kazi moja zaidi, ya kumsafisha yeye. Hakuwahi kuona uchafu kama huo, na ulikuwa wake.

"Hakuna," alisema. "Nilitaka uijue kweli yake tu."

"Nimeijua," mwalimu alisema. "Niitie muuguzi, tafadhali. Tundu likikaa wazi linakauka."

Akaenda kumwita muuguzi.