Jina Ndani ya Kaseti

Ndani ya nyumba yangu ya mutaa wa Cimpunda tulikuwa watu wanne wa karibu, wengine walikaa inje kwenye mabenchi ya kanisa. Mimi, mama wa marehemu. Binti yangu wa kwanza, na mimba yake. Shemeji yangu, mudogo wa bwana yangu, mwenye radio ya kaseti. Na jirani yangu wa mulango kwa mulango, ambaye naye alikuwa amezika kijana wake mwaka ule. Majina yao ninayo yote, hata ya ubatizo, lakini siyaandiki. Wengine wangali hai na hawakuniomba.

Ilikuwa vita ya pili ya inchi yetu. Mutoto wangu wa kiume alikufa kwa homa, siku tatu tu, kwa sababu waaskari walikuwa wamefunga barabara ya hospitali. Tulimuzika asubuhi, tukarudi. Mimi sikulia. Nilikaa kwenye kirago nikitazama sufuria za sombe, yale majani ya muhogo, zilizoletwa na majirani, nikaona kwamba mifuniko ilikuwa imebadilishana.

Katika ukoo wetu, mutu akifa kuna mwanamuke wa kumuimbia. Anaita jina lake, la baba yake, la babu yake, na wanawake wanaitikia. Asipoitwa, ameondoka kama mugeni ambaye hakuna aliyemusindikiza. Muimbaji wetu alikuwa dada yangu mukubwa, wa kisiwa cha Idjwi. Hakuwa na wimbo wa akiba. Aliutunga pale pale, kwa maiti yule, na kesho ukimwambia arudie, anakucheka: “Mufu ni mwingine, nirudie nini?”

Siku boti zilipokuwa bado zinavuka, dada alikuja kumuimbia yule kijana wa jirani, na shemeji akamunasa kwa kaseti. Kisha ziwa likafungwa. Hapo kaseti ikaanza kutembea. Kila penye kilio walikuja kuiazima, na wasichana wakaacha kujifunza kuimba. Nilimukaripia mumoja, akanijibu: “Mama, sauti iko kwa kaseti, nitajichokesha bure?”

Shida ilikuwa jina. Kaseti ilimulilia kijana wa jirani tu. Basi shemeji alipata ufundi: pale jina linapokaribia, anashusha sauti kwa kidole, na wanawake wanapiga kelele jina la mufu wao juu yake. Tulikuwa tumezoea hivyo.

Siku ya kilio changu mapile, betri za radio, yalikuwa machovu, shemeji aliyapasha juani mara mbili. Sauti ya dada ikawa nzito, ikajikokota, na kidole cha shemeji kikachelewa. Jina la kijana wa jirani likatoka lote, na la baba yake, na la babu yake. Jirani akaanguka chini akilia. Wanawake wa inje wakaingia kumushika, wakaitikia, wakamulilia vizuri sana. Mutoto wangu hakuitwa.

Nikasema: “Shemeji, zima.”

Akazima.

“Ile butoni nyekundu, ya kunasa, iko inatumika?”

“Iko. Lakini mama, nikiifinya, sauti ya dada yako inafutika pale.”

“Rudisha mahali pa jina. Ufinye.”

Jirani akainua kichwa. “Na ya kwangu? Utamufuta wangu?”

Ningeweza kusema samahani, neno lilikuwepo, lakini mudomo haukufunguka kwa ajili yake. Binti yangu akasema polepole, “Mama, ngoja mama mukubwa wa Idjwi atakuja.” Hakuna aliyejua kama atakuja. Shemeji akanitazama, kisha akafinya butoni mbili pamoja.

Mimi sijui kuimba. Nilisema tu jina la mutoto wangu, la baba yake, la babu yake, kama mutu anayejibu swali la waaskari kwenye bariyeri ya barabara. Wanawake hawakujua waitikie vipi. Mumoja akasema “eee,” wengine wakamufuata. Basi.

Jirani hakukanyaga kwangu muda murefu. Tulipitana kwenye bomba la maji, kila mumoja na bidoni yake. Kisha siku moja ya mvua akaingia bila kupiga hodi, akasimama.

“Nipe nafasi na miye,” akasema. “Nyuma ya wako. Sitaki mbele.”

Tukamuita shemeji. Jirani akasema jina la kijana wake, na kipande kingine cha dada yangu kikafutika. Tulisikiliza pamoja, mabega yakigusana, wala hakuna aliyelia.

Habari zikatoka. Akaja mama mumoja wa Bagira, akaja mwingine wa huku huku, kila mutu na jina lake, na sikuona namna ya kuwakataza, mimi niliyeanza. Ziwa lilipofunguka, dada alikuwa amekwisha kufa kule kisiwani. Sasa kwenye kaseti sauti yake imebaki kidogo tu, pale mwanzo, anapovuta pumzi na kuita mara moja. Baada yake ni wamama wasiojua kuimba, wanasema majina.

Katika masimulizi haya yule mama wa Bagira nimemuweka wa tatu. Inawezekana alikuwa wa nne, kaseti yenyewe hainisaidii, maana wengine walisahau kusema jina lao wenyewe kabla ya la mutoto. Ninyi mliokuwa pale, nikikosea mupangilio, mupite nyumbani muniambie. Sitakasirika.