Mshika Kamba Aliyejifunza Kuachia

Saa moja na robo asubuhi, majani bado yana umande, na mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano amepiga magoti kwenye shina la mti uliozidi nyumba kwa kimo. Anazungushia shina mkanda mpana, anaukaza, kisha ananing'inia juu yake kwa uzito wake wote kuona kama utalegea. Kwenye mkanda huo kuna bomba nene la chuma lenye pembe mbili fupi.

"Hii ndiyo breki," anasema akiligonga. "Tawi likikatwa linabaki kwenye kamba. Kamba inapita kwenye kapi kule juu, inashuka mpaka hapa. Nikiizungusha kwenye chuma, inasugua, na msuguano ndio unaobeba mzigo. Mimi nashika mkia tu."

Hilo la "tu" msimwamini. Kwa mikono hiyo miwili ameshusha vipande vya kilo mia tatu, sawa na mifuko sita ya saruji, bila kuvunja kigae. Ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Breki.

Ana miaka thelathini na minne na watoto wawili. Miaka tisa amefanya kazi na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mkwezi. "Ukimwambia mtu kazi yako ni kushika kamba, anakuuliza una mbuzi wangapi," anasema na kuangua kicheko.

Leo, hata hivyo, kicheko chake ni kifupi. Ni mara ya kwanza katika miezi kumi na moja kaka yake kupanda huku yeye akishika kamba.

Mara ya mwisho walipofanya hivyo, kaka alikata kipande kikubwa. Mama Breki, kwa kuuogopa uzito, alizungusha kamba mara nne. Ikagoma kuteleza hata kidogo. Kipande kikasimama ghafla hewani, mti ukatikisika kwa nguvu, na kaka akabamizwa kwenye shina. Mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, ukavunjika.

"Watu wanadhani hatari ni kamba kuponyoka," anasema. "Mimi nilimuumiza ndugu yangu kwa kuing'ang'ania. Nililia mpaka wifi yangu, mkewe, ndiye akawa ananibembeleza mimi."

Kaka alipopona alirudi kazini na mshika kamba mwingine. Mama Breki akabaki kuburuta matawi. Hakununa. Kila Jumapili mumewe alimpandishia magogo kwenye mti wa uani, naye akayashusha, akijifunza kuachia kamba ikimbie kwanza, kisha kuipunguza mwendo polepole. "Dereva mzuri hakanyagi breki ghafla abiria wakiwa wamesimama," anasema.

Mwezi huu yule mshika kamba mwingine alihama. Kaka akamwambia dada yake, "Mti mmoja. Nikiona siwezi, nitatafuta mtu mwingine, na usinichukie." Mti wenyewe ndio huu.

Matawi ya chini yanashuka vizuri. Kaka anapaza sauti kutoka juu, "Mara moja!" au "Mara mbili!", naye anazungusha kama alivyoambiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kila kamba inapokaza, mkono wa kaka unakimbilia begani.

Saa tano inabaki ncha ya mti, nzito, iliyoinama upande wa jiko la mwenye nyumba. Kutoka pale mpaka kwenye paa ni mita saba.

"Mara tatu!" kaka anaita.

Mama Breki anaitazama ncha, analitazama paa.

"Mbili, kaka! Tatu haitakimbia, itakupiga!"

"Na mbili ikikushinda? Hilo paa la watu!"

"Nina mita saba. Mimi nahitaji nne."

Msumeno umezimwa.

"Haya, dada," kaka anasema hatimaye. "Wewe ndiye unayeshika. Amua."

Anazungusha mara mbili. Msumeno unanguruma, ncha inapasuka na kuanguka, na kamba inakimbia kwenye chuma ikitoa harufu ya kuungua. Yeye anaiachia, anaiachia, kisha vidole vinaanza kufunga kidogo kidogo. Mzigo unapunguza mwendo, unasimama mita tatu juu ya paa. Msaidizi wao aliye chini anauvuta pembeni kwa kamba ya pili, nao unalala kwenye nyasi.

"Miaka thelathini nimezalisha wanawake nikiwaambia wavute pumzi," anasema mwenye nyumba, muuguzi mstaafu. "Leo mimi ndiye niliyesahau!"

Kaka anashuka bila haraka. Anavua glavu, analizungusha bega.

"Mti haukutikisika," anasema. "Jumatatu tuna mingine mitatu. Kamba ni yako."

Dada anaitikia kwa kichwa tu. Anasema anataka kununua breki kubwa zaidi na kufundisha wanawake wengine, maana kazi hii, kwa maoni yake, haitaki misuli, inataka utulivu. Lakini kaka hajamaliza.

"Binti yangu anataka kuwa mkwezi," anasema. "Mwaka mzima nimemkatalia. Leo jioni nitamwambia apande, ila kamba atashikiwa na shangazi yake."

Mama Breki analia waziwazi, mbele ya mwenye nyumba na majirani, wala hajifichi.

"Mwambie aje," anasema. "Kila akitazama chini, atanikuta hapa."