Kuongoza Kutoka Kwenye Mihogo

Chuo kikuu kilipofunga, wanafunzi wachache tulipelekwa Tororo kufundishwa uongozi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila kijana mwenye viatu alidhaniwa kuwa waziri wa kesho. Kozi yenyewe ilihusu kukua kwa nafsi. Mimi nilijiona nimeshakua vya kutosha, maana suruali zangu zote zilikuwa zimenikatikia juu ya vifundo. Lakini nafsi, tuliambiwa, ni kitu kingine, nayo hukuzwa kwa kanuni tatu: mtazame mtu machoni, mwite kwa jina lake, mpe mkono. Tulimfanyia mazoezi mpishi wetu mpaka akatishia kuacha kazi.

Mwishoni akaja mkaguzi kutoka ng'ambo, kupima kama kozi imefaa kitu. Alikuwa mtu mpole, mwekundu kwa jua, na Kiswahili chake alijifunzia pwani. Kilikuwa safi mno hata watu wa Tororo walidhani anasali. Kipimo chake kilikuwa rahisi: kila mwanafunzi apewe kijiji, aongoze watu katika kazi moja, kisha watu wenyewe waulizwe wamemwonaje. Atakayewashinda wenzake angesomeshwa ng'ambo mwaka mzima. Niliitaka sana safari hiyo, na nilishaanza kutembea kama mtu aliyerudi.

Nikapewa Merikit, kusafisha chemchemi.

Merikit ndiko alikotoka msichana niliyetaka kumwoa. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya, na ng'ombe wa baba yangu walikuwa wameshavuka mpaka bila kuulizwa pasi. Baba wa msichana alikubali. Mama yake ndiye aliyegoma: alisema wasomi hawana adabu, na bintiye hamtoi mpaka aone hiyo adabu kwanza. Na adabu kwao, kama kwetu, haina mjadala. Kijana hamtazami mama mkwe machoni, hamtaji jina, hamgusi mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Ungedhani aliyeitunga kozi ile alikwenda kwanza kumuuliza mama mkwe wangu mambo yanayomuudhi.

Basi nikafika pale chemchemini kifua mbele. Mkaguzi akakunjua kiti chake, akaketi. Watu walikuwa wamejaa, wanawake na majembe yao. Nikafungua mdomo, nikatupa macho mstari wa mbele, na huyo hapo, mama mkwe mwenyewe, jembe begani! Sikumbuki kuamua chochote. Nilijikuta tu nimechuchumaa katikati ya shamba la mihogo. Naye, niliambiwa baadaye, alikuwa amejifunika kapu usoni na kugeukia upande wa Kenya.

Watu walicheka, acha tu.

"Kiongozi yuko wapi?" mkaguzi akauliza.

"Niko hapa, bwana!"

"Simama mbele ya watu!"

"Haiwezekani!"

"Waogopa nini?"

Ningeeleza vipi, na mama mkwe mwenyewe anasikia? Mwenzangu wa kozi, aliyekuja kunisaidia, alikuwa amelala chini kwa kicheko, hafai kitu. Nilimchukia siku ile, na nikikumbuka bado namchukia kidogo.

Ikabidi niongoze kutoka kwenye mihogo. "Wenye majembe waanze upande wa juu!" nikapaza sauti. Kicheko kikalipuka upya, kwa kuwa upande wa juu ndiko alikosimama yeye, nami nilikuwa nimemwamuru mama mkwe kulima. "Naifuta!" nikapiga kelele. "Waanze wote, isipokuwa asiyetaka!" Wakazidi kushika mbavu, lakini majembe yalikwenda. Kila aliposogea mama mkwe na tope lake, wanawake waliniita, "Mukwe, rudi nyuma! Yeye nakuja huko!" Nami nikatambaa kwa magoti ndani ya suruali yangu nzuri, nikitoa amri. Kufika adhuhuri, maji yalikuwa yanatiririka. Sikuyaona, niliyasikia tu.

Mkaguzi akainuka kuwauliza watu. Kwa bahati yangu, akamchagua aliyefanya kazi kuliko wote.

"Mama, umemwonaje kiongozi wa leo?"

Safari yangu ya ng'ambo na ndoa yangu vyote vilikuwa mdomoni mwa mwanamke mmoja. Mama mkwe akatua jembe, bado ameipa mihogo mgongo.

"Mimi hapana ona yeye," akasema, kwa sauti ya kufika Mukuju, kijiji cha jirani. "Hata mguu! Tangu asubuhi, hapana ona kabisa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaniandikia sifuri, kisha akaja hadi ukingoni mwa shamba kunipa pole. Alinikuta nimekaa kwenye matope, nalia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu nilikuwa nimeshapewa mke.