Hamira Iliyomtia Kinyaa Verediane

Upepo ukivuma kutoka Rubona, harufu ya kiwanda cha bia hufika hadi mtaa wa Mbugangari, Gisenyi, na wanywaji huivuta kama marashi. Verediane, mwalimu wa bayolojia, alikuwa akifunga madirisha. Majirani wakasema ameokoka. Wangejua! Bia haikuwa imemkosea kitu. Alichokichukia ni hamira inayoichachusha, aliyoishi nayo miaka mingi Ubelgiji akiiotesha kwenye visahani, mpaka ikamtapisha.

Kazi yake huko ilikuwa kutafuta protini ipi hushikana na ipi ndani ya seli. Mambo hayo hayaonekani kwa macho, basi wataalamu wakabuni ujanja. Huchukua swichi iliyomo ndani ya hamira, wakaikata vipande viwili. Kimoja hukifunga kwenye protini waliyoichagua, wakaiita chambo. Cha pili hukifunga kwenye protini wanayoishuku. Zikishikana, vipande hukutana, swichi ikawaka, na hamira ikageuka buluu. Ujanja mzuri, ila una ugonjwa wake: vipo vyambo vinavyowasha buluu vyenyewe, bila kushikana na yeyote. Ndiyo maana chambo hujaribiwa kwanza kikiwa peke yake. Kikiwaka, hakifai.

Cha Verediane kiliwaka. Alikipeleka kile kisahani kwa mkubwa wake, Karenzi. Karenzi akacheka, akakitupa kwenye ndoo ya taka, na buluu zote zilizobaki akazihesabu kuwa ni kweli. Verediane akakataa kuziandika, akarudi Gisenyi bila shahada ya udaktari, na kinyaa chake akakosa pa kukitema.

Mwaka 1999 Karenzi akamfuata. Alikuwa na ndugu Goma, akavuka mpaka wa Grande Barrière asubuhi, viatu vinang'aa, tabasamu limetangulia. Kuna watu ukishawapa mkono unatafuta maji ya kunawa. Makala ya utafiti ule ilikuwa tayari; ilitakiwa saini ya aliyefanya kazi, kwa kuwa wakaguzi wangemuuliza yeye. Akisaini, shahada itatoka. Tena si hiyo tu. Karenzi alikuwa na shemeji Kigali, na neno moja la shemeji huyo lingetosha faili la Evode kusomwa.

Evode ndiye mdogo wake Verediane. Alikuwa gerezani tangu mwaka uliotangulia, eti alishirikiana na wapiganaji wa msituni, na hakuna aliyewahi kulifungua faili lake. Mama yao, Nyiramana, aliposikia habari ya shemeji, alikaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani, wote aliokuwa nao, akamwekea mgeni sahani ya arusi. Karenzi alikulia Goma na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo mezani wakazungumza Kiswahili, kile cha mpakani kilichochanganyika na Kifaransa.

“Donc, unaweka saini, tunamaliza,” alisema, mafuta ya samaki yakimtiririka kidevuni.

“Chambo peke yake, ulikijaribu tena?”

“Ah, Veré! Kila mutu anaandikaka hivyo. Buluu ni buluu.” Akafuta vidole kwenye kitambaa ambacho Nyiramana alikitarizi kwa mkono wake.

Verediane alisikia mate ya kichefuchefu yakimjaa mdomoni. Lililomchukiza zaidi ni kuona kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshaishika kalamu. Akilini alimwona Evode amelala ubavu kwa kukosa nafasi ya kulala chali, akajiambia kwamba protini hazina mama wa kuzililia.

“Andika, binti yangu,” Nyiramana alisema. “Iko nini ngumu?”

“Ni uongo, mama.”

“Uongo gani? Niambie na maneno ya kwetu.”

Verediane akatafuta maneno. “Ni kama shahidi. Unamuuliza, huyu na huyu wanajuana? Anasema ndiyo. Lakini huyu shahidi wetu, hata usipomuonyesha mutu, anasema ndiyo tu. Na Bwana Karenzi anajua.”

Nyiramana akamgeukia mgeni.

“Ule shahidi mwenye alimufungisha Evode, walimupitishia vijana wote wa kartye yetu hapa. Huyu unamujua? Ndiyo. Na huyu? Ndiyo. Siku zile wanasema alikuwa msituni, Evode alikuwa kwangu hapa, malaria imemulaza. Lakini na yeye, ndiyo.” Akaunyooshea ukuta kidole. “Hakuna hata mumoja alimuonyesha ukuta, aone kama na ukuta anaujua.”

“Mama, hiyo ni mambo ya watu. Sisi tunasema levire, hamira tu—”

Nyiramana akanyoosha mkono, akaiondoa ile sahani mbele ya Karenzi, samaki bado nusu. Mwanamke wa Gisenyi kumnyang'anya mgeni chakula! Hata Verediane alishtuka.

“Mama, mi sijamaliza.”

“Umemaliza.”

Karenzi aliondoka akilalamika kwamba watu hawa hawasaidiki, na jina la shemeji yake akaondoka nalo. Verediane akaiweka kalamu chini. Mlango pekee uliokuwa umefunguka kwa ajili ya Evode ulikuwa umefungwa.

Nyiramana alikuwa amechutama uani, akiisugua ile sahani kwa majivu kana kwamba imelambwa na mbwa, machozi yakidondokea humo humo.

“Mama, na Evode?”

“Kesho namupelekea chakula,” alisema bila kuinua kichwa. “Mi mwenyewe nitamuambia ni mimi nilimufukuza mugeni.”