Ukurasa wa Mama wa Singo

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandaoni. Sizungumzii tovuti kubwa za mashirika, bali ule ukurasa mmoja ambao mtu anaangukia akishabonyeza tangazo kwenye simu yake. Hapo ana dakika chache za kuamua kama atapiga simu, atanunua, au atakwenda zake. Nafanyia kazi katika chumba nilichopanga mtaa wa Raskazone, nyuma ya nyumba ya kizamani yenye dari refu, na wateja wangu wengi sijawahi kuwaona. Wananitumia picha, nawatumia ukurasa, tunamalizana.

Mama mmoja wa mtaa wa Mabawa alikuja mwenyewe. Alishuka kwenye bajaji na buibui linalonukia udi, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kukaa kama mtu aliyekuja kushinda. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, mwenye mikono laini ajabu. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuwasinga mabibi harusi, yaani kuwasugua mwili kwa singo ya manukato, kuwapaka hina na kuwafukiza udi kabla ya kukabidhiwa kwa waume zao. Zamani, alinieleza, alikuwa akiitwa harusi baada ya harusi kwa sababu kila mtu alimjua. Siku hizi wasichana wanatafuta kwenye simu, na yeye kwenye simu hayumo. Binti wa jirani yake alipambwa na mtu aliyempata mtandaoni, wakati yeye anaishi ukuta kwa ukuta. Alilisimulia hilo akicheka, lakini niliona lilivyomuuma.

Nilimtengenezea ukurasa mzuri, au mimi nilivyouona mzuri. Juu kabisa niliweka picha ya bibi harusi niliyoipata mtandaoni, mrembo, mikono imejaa maua ya hina. Chini yake maneno makubwa kuhusu siku ya kipekee maishani, halafu mawaridi, halafu maelezo, halafu picha nyingine, na mwisho kabisa namba ya simu. Tukaweka tangazo. Watu wakaanza kuingia. Mimi nina kipimo kinachonionyesha wangapi wamefungua, na nilikuwa nikiufurahia mstari wa idadi yao unavyopanda.

Simu ya mama wa Mabawa haikulia. Hakunilaumu hata siku moja. Alimwomba jirani ampigie ahakikishe kama simu ni nzima, ikalia, akaniarifu kwa upole kwamba simu haina tatizo. Niliona aibu kumweleza kwamba watu wanaingia kwa wingi na wanatoka mikono mitupu.

Wakati huohuo mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa, na nilikwenda nyumbani Maramba, mbali na mji, kusaidia maandalizi. Alasiri moja tulikuwa ukumbini tukichambua mchele, mama yangu, mdogo wangu na mimi. Nikamfungulia mdogo wangu ule ukurasa, bila kusema ni kazi yangu, nikamuuliza anaonaje huyu wa kumsinga. Nikakaa pembeni nikatazama kidole chake.

Kidole kilipita juu ya picha, kikapita juu ya maneno makubwa bila kusimama, kikateremka kwenye mawaridi, kikapanda tena. Alikuwa anatafuta kitu. Alisema ni pazuri, akampa mama simu. Ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulifikiria nilipokuwa nachora: bibi harusi hachagui peke yake. Mama alivaa miwani, akaisogeza simu mbali na uso, akaanza kuuliza. Huyu mwanamke ni nani? Huyu wa kwenye picha ndiye yeye? Anakuja nyumbani, au mtoto apelekwe kwake, na huko kwake kuna wanaume? Hina ni ya majani, au anachanganya na piko, ile rangi nyeusi ya dukani, maana piko imemchubua mtoto wa fulani mikono. Kila swali nilikuwa na jibu lake kichwani, na hakuna hata moja nililoliandika.

Mama akanirudishia simu. "Maua ni mazuri," akasema, "lakini mimi simkabidhi mwanangu kwa maua."

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja Mabawa. Nilimkuta mama wa singo kibarazani anatwanga mawaridi makavu, nikamwambia ukweli wote, kwamba ukurasa haufai na nataka kuanza upya na yeye mwenyewe akiwemo. Hapo tukavutana. Uso wake kwenye mtandao hakutaka kabisa. Hajawahi kupiga picha za kutazamwa na kila mtu, na uzeeni hataanza. Nilimwambia kwamba mama mwenye binti anahitaji kumjua mtu. Akafikiri, huku mchi ukiendelea kupiga.

"Mikono yangu piga," akasema mwishowe. "Na sauti chukua. Anayejua watu atanijua kwa sauti."

Basi nikapiga picha mikono yake ikichanganya unga wa liwa na mawaridi kwenye bakuli, mikono yenyewe, na makovu madogo ya kazi. Halafu nikamrekodi. Alisalimia kwanza, kama anavyosalimia mlangoni kwa watu, akasema anaishi Mabawa, anakuja nyumbani kwa bibi harusi, anakaa naye chumbani wao wanawake peke yao, na singo anatwanga kwa mkono wake. Jogoo wa jirani akawika katikati. Tukarudia, akawika tena, mahali palepale. Mama wa singo alicheka mpaka akafuta machozi, na kicheko kile nikakiacha ndani ya rekodi pamoja na jogoo.

Ukurasa mpya ulikuwa mfupi. Mikono yake juu, na chini yake kitufe cha kusikiliza sauti. Halafu yale maswali ya mama yangu, moja moja, na majibu ya mstari mmojammoja. Piko hatumii, hilo niliandika kwa herufi nene. Maneno ya siku ya kipekee nikayafuta. Mwisho kitufe kimoja tu, cha kumpigia.

Nilimtumia mdogo wangu bila maelezo. Kesho yake nikapokea ujumbe wa sauti kutoka Mabawa.

"Mwanangu, kuna mama mmoja wa Maramba kanipigia. Kanihoji mpaka chai yangu ikapoa. Kaniuliza hata wazazi wangu ni wa wapi."

Nilimjua mama huyo kabla ya kumaliza kusikiliza. Nilimpigia mama wa singo nikamwambia aliyemhoji ni mama yangu mzazi, akasema sasa anaelewa nilikozitoa tabia zangu za kuuliza.

Baada ya huyo walifuata wengine, wa Pangani, wa Muheza, mpaka wa mitaa ya jirani ambao walikuwa wakipita mlangoni kwake bila kujua. Wengi waliopiga walikuwa akina mama na mashangazi.

Mama yangu alimwita mama wa singo, akaja Maramba na mikoba yake siku chache kabla ya ndoa. Yeye na mama yangu waligundua wote wanakijua Kidigo, na kuanzia hapo sikuambulia neno. Walimfungia mdogo wangu chumbani, harufu ya karafuu na mawaridi ikajaa nyumba nzima, na sisi tuliokuwa nje tukawa tunasikia vicheko tu. Mdogo wangu alipochungulia mlangoni kuomba maji alikuwa wa manjano kwa singo toka shingoni mpaka vidoleni, na mwenye furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake wiki nzima ya shughuli.

Jioni mama wa singo alitoka kupumzika, akaketi karibu yangu kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Nilidhani ataniuliza kuhusu chakula. Akanielekeza kwenye simu yangu.

"Ongeza pale kwamba nafika hata Maramba," akasema. "Ila andika waniandalie pa kulala."

Nikaandika palepale, yeye akisimamia kila neno.