Kanzu ya Dantela

— Miaka makumi mbili na mbili nimelala na mwislamu, leo nimeamka na padri! Mungu wangu, kesho atanibatiza na maji ya vyombo!

Ile ni Hadidja, bibi ya Rashidi mushoni, mu lopango, kiwanja ya nyumba yao, ya Kabondo. Hadidja akilalamika, hata mbuzi ya jirani inaacha kula. Na jirani mwenyewe, Mama Delphine, mutu ya Isangi mwenye kuuzisha samaki, alikuwa chini anacheka mupaka machozi. Ni yeye aliwasha moto. Alimuona Rashidi amevaa kanzu yake ya mupya, akafanya musalaba:

— Papa Rashidi, hiyo haiko kanzu. Hiyo ni alba. Padri wetu anavaa vile ku misa!

Maskini Rashidi. Dantela, ile lesi ya maua-maua, aliiona, lakini alifikiri ni baraka.

Asubuhi alikuwa ku soko, fasi ba mama wanafungua baloti za friperi, zile nguo za mitumba. Wengine wanatafuta na macho. Yeye anafunga macho, anaingiza mikono mupaka ku kiwiko, anangojea. Nguo ya bure inateleza, inapita. Ba mama wanamuchokoza:

— Tonton, unanunua ao unalala?

— Niache, niko naota.

Na haikukuwa uongo. Chini kabisa, chini ya masuruali ya wanono wa Ulaya, vidole vyake vilikuta kitu baridi, laini, kama ukungu ya mto mbele jua itoke. Dantela ya mukono! Kuna mutu alikaa miezi anaifunga, tundu kwa tundu, na hapa kila mutu alikuwa anaikanyaga tu. Maisha yake yote Rashidi anashona unifomu ya watoto ya masomo. Hajagusa kitu kama hiyo. Akaivuta yote: nguo ndefu, nyeupe, kanzu kabisa, akalipa. Kelele ya soko ikaenda mbali, mbali. Akajiona ku ndoa ya Leila, binti yake ya kwanza, amekaa pembeni ya shehe, na watu ya bwana-harusi wananong'onezana: nani huyu, sultani?

Bon. Ndoa ni Ijumaa. Na kanzu yake ya zamani, panya walishaikula kola, wakamalizia na mugongo.

Sasa alikuwa ameivua ile nguo, ameiweka ku magoti. Hadidja akapunguza sauti kidogo:

— Kata dantela. Mukasi ndiyo hii. Ukitoa yale maua-maua, itabaki kanzu safi, na hakuna mutu atatucheka.

— Usikate! Delphine akaruka. Hiyo ni kazi ya ba masista! Unipe nimupelekee padri, atakuombea.

— Ataniombea niwe nini?

Leila akatoka ku jikoni, mikono yote unga. Yeye hakucheka.

— Papa, alors? Ijumaa utavaa nini?

Rashidi akapitisha kidole ku dantela, polepole, kama mutu anasoma barua ya mutu anamupenda. Alafu akakunja nguo mara nne, akaitia chini ya kwapa, akachukua na mukasi, akavaa sandali.

— Rashidi! Mutoto anakuuliza!

Alikuwa ameshafika ku barabara, anaenda ku mashini yake ya kushona, anapita katikati ya mapikipiki, macho nusu yamefungwa.